'School' ni shule, lakini zamani ilikuwa starehe

Jumapili jioni jijini, sare zinapigwa pasi, viatu vinang'arishwa, na saa tatu usiku mtoto anakumbuka kwamba ana hesabu ishirini hajazigusa. Mwambie mtoto huyo kuwa neno la Kiingereza 'school' hapo mwanzo lilimaanisha starehe, naye atadhani unamdhihaki.

Ukweli ndio huo. Wagiriki wa kale walikuwa na neno skholē, yaani wasaa, muda ambao mtu haitwi na kazi yoyote. Shughuli za kutafuta riziki waliziita askholia, maana yake kukosa wasaa. Mwenye wasaa aliketi na wenzake wakajadiliana kuhusu nyota, sheria, mema na mabaya. Baadaye mazungumzo yenyewe yakaitwa skholē, kisha mahali yalipofanyiwa.

Tusidanganyike, hata hivyo. Kule Athens, alikofundisha Aristotle, bwana aliweza kuketi akajadili kwa sababu watumwa walikuwa shambani na migodini.

Warumi walilichukua neno hilo likawa schola. (Shule ya watoto wadogo waliiita pia ludus, neno lao la mchezo!) Kutoka Kilatini likaingia Kiingereza cha kale likiwa scōl. Ile 'h' inayowakosesha wanafunzi alama katika imla haikuwamo. Iliongezwa baadaye ili neno lifanane na la Kilatini. Nayo 'school' ya samaki isikuchanganye. Hilo ni neno lingine kabisa, lenye asili ya Kiholanzi, na maana yake ni kundi.

Wajerumani nao walichota kisima kicho hicho cha Kilatini wakapata Schule. Walipoitawala Tanganyika, Waswahili, ambao tayari walikuwa na chuo chao cha kusomea Kurani, walilipokea likawa shule. Unguja, walikotawala Waingereza, husema skuli. Ni ndugu wawili waliofika pwani kwa majahazi tofauti.

Mwanangu aliponisikiliza hadi hapo aliuliza swali moja tu: kama ni starehe, mbona hesabu?

Nikamsimulia habari za Mzee Kimani Maruge. Utotoni hakupata wasaa wa kusoma. Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, mzee alivaa sare, na Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, akaketi darasa la kwanza huko Eldoret, miguuni soksi ndefu kama za wenzake wa miaka sita.