Daniel O'Connell, Mjumbe Asiyeuza Kura Yake

Maneno ya mjumbe twayasikia siku za uchaguzi; kura anazopiga bungeni twazijua mara chache. Walakini ndizo zinazotuonyesha moyo wake. Tutazame, wasomaji wapenzi, kura za Mkatoliki mmoja, Daniel O'Connell wa Ayalandi, aliyezaliwa mwaka 1775.

Siku zile nchi yake ilitawaliwa na Uingereza, na Mkatoliki hakuweza kuketi katika bunge la London. Mwaka 1828 mwanasheria huyo alisimama kuchaguliwa katika jimbo la Clare. Kura haikuwa ya siri: mkulima alimtaja mteule wake kwa sauti, na mwenye shamba aliweza kumfukuza. Hata hivyo wakulima, wakitiwa moyo na mapadri wao, walimpa kura 2,057, na mpinzani wake 982. Serikali iliogopa. Mwezi wa Aprili 1829 sheria mpya iliwafungulia Wakatoliki mlango wa bunge. O'Connell alipofika, alitakiwa kula kiapo cha zamani kilichopinga imani yake. Alikataa, akarudi Clare kuchaguliwa tena.

Lakini tuseme pia lililo chungu. Sheria nyingine ya mwaka ule ule iliwanyang'anya kura wakulima maskini, wale wale waliomchagua: kipimo cha mali kilipandishwa toka shilingi 40 hadi pauni 10. Mwaka 1825 O'Connell mwenyewe alikuwa amekubali mapatano ya namna hiyo. Waliousukuma mlango wakaachwa nje.

Juu ya utumwa alisimama imara. Yasimuliwa kwamba wajumbe 27, watetezi wa matajiri wa mashamba ya Karibi, walimwahidi kura zao katika mambo ya Ayalandi iwapo angenyamaza juu ya watumwa. Alikataa, ingawa nchi yake ilizihitaji mno kura hizo. Mwaka 1833, bunge lilipokata shauri la kukomesha utumwa, alitetea uhuru wa watumwa, akapinga pauni milioni 20 walizopewa mabwana wao. Maana aliyeibiwa jasho lake hakupewa kitu. Aliwatetea na Wayahudi, wapate haki aliyoipata yeye.

Alifariki Genova mwaka 1847, akiwa safarini kwenda Roma.

Basi sisi wazazi, mjumbe akija kutuomba kura, tusitazame chumvi na vitambaa anavyogawa. Tumwulize: siku ile haki ilipokutia hasara, ulipiga kura gani? Na maskini waliokutuma, uliwakumbuka?