Si Uvivu, Ni Disleksia

Wengi wetu tuliosoma shule za hapa Uingereza tulimjua Benjamin Zephaniah kabla ya kumjua Shaaban Robert. Mashairi yake tuliyasoma darasani, hasa yale ya Talking Turkeys, kitabu cha mwaka 1994 ambacho watoto wa hapa wanakipenda mpaka leo. Habari tuliyokuja kuipata baadaye ni kwamba mshairi huyo alitoka shule akiwa na miaka 13, na kusoma kulimchosha hata akawa anakata tamaa njiani.

Alizaliwa Birmingham mwaka 1958, baba yake akitoka Barbados na mama yake Jamaica. Mashairi alikuwa nayo kichwani tangu utotoni. Alipokuwa na miaka kumi hivi, dada yake alimwandikia baadhi ya hayo. Shule zilimfukuza moja baada ya nyingine, na baadaye akaonja kifungo cha vijana. Lakini mtaani kwao Handsworth, akiwa na miaka 15 tu, watu walikwisha kumjua kuwa ni mshairi. Alipofika miaka 21 alijiunga na darasa la watu wazima London ili ajifunze kusoma na kuandika. Mwalimu wa darasa hilo ndiye aliyemwambia kuwa ana disleksia. Mwenyewe alisimulia kwamba aliuliza kama atahitaji kupasuliwa! Kitabu chake cha kwanza, Pen Rhythm, kilitoka mwaka 1980, karibu wakati uleule.

Disleksia haipasuliwi wala haina dawa. Macho ya mtu ni mazima na akili yake ni nzima. Ugumu uko pale ambapo ubongo unatakiwa kuunganisha sauti na herufi upesi, bila kufikiri. Wengine wote hufanya hivyo kama wanavyopumua, yeye anafanya kama anayebeba gunia. Inarithiwa katika ukoo, na hapa Uingereza hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya kumi anayo kwa kiasi fulani.

Zephaniah aliandika maneno kama mdomo unavyoyatamka, kwa Kiingereza cha Wajamaika wa Birmingham. Wasomaji walidhani huo ni mtindo aliouchagua, na kwa kweli ulikuwa mtindo pia. Sisi tunaojifunza Kiswahili tunaweza kutabasamu hapo, maana lugha yetu inaandikwa hivyohivyo: ukilisikia neno, umekaribia kulijua linavyoandikwa. Je, Mswahili hana disleksia? Anayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwalinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao tahajia yao ni nyepesi kama yetu, walisoma vizuri kuliko wenzao, lakini bongo zao zilionyesha tofauti ileile. Kwa hiyo Kiswahili kinaweza kumficha mtu. Hakosei sana, ila ni mzito wa kusoma, na mzito huitwa mvivu.

Hapo ndipo mada hii ilipotugusa chamani. Mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye wazazi wake ni watu wa Mombasa, alipimwa mwaka jana baada ya mhadhiri wake kumshauri. Vipimo vilichukua karibu saa tatu. Alitoka na ripoti ndefu (ambayo, anatucheka akisema, ilimchukua wiki nzima kuisoma) na haki ya kuongezewa robo ya muda katika mitihani. Alitueleza pia jambo ambalo lilikuwa likimtatiza tangu utotoni. Shuleni alikuwa wa mwisho, lakini madrasa alikuwa wa mbele. Ustadhi akisoma, yeye anashika kwa sikio, na kabla ya wenzake kumaliza nusu ya sura yeye amekwisha kuihifadhi. Nyumbani walikata shauri kwamba basi akili anayo, hataki tu kuitumia.

Kuwaeleza wazazi kulikuwa kazi nyingine. Usonji sasa una jina lake la Kiswahili na watu wengi wanalijua, lakini disleksia bado inatajwa kwa neno la kigeni tu. Maneno tuliyonayo ya nyumbani ni ya matusi: kichwa maji, mbumbumbu, mzembe. Mwishowe aliwaambia kwamba herufi zamchezea.

Baba yake akajibu, "Wewe huna ugonjwa. Una simu."

Mama yake alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na hiyo yarithiwa?"

Mama huyu ana miaka hamsini na kitu. Barua za halmashauri, za hospitali na za benki husomewa na bintiye tangu binti ana miaka minane. Wote nyumbani waliamini ni kwa sababu ya Kiingereza. Kumbe hata Kiswahili alikuwa akikikwepa, na alikuwa na ufundi wake wa kukwepa: miwani imesahauliwa, mkono una unga, nisomee wewe mwanangu. Shule huko kwao aliiacha darasa la tano. Na huyuhuyu ndiye anayetunga nyimbo za harusi ambazo wanawake wa Kimombasa wa mji wao huimba, mafumbo na vijembe ndani yake, vina vimekaa sawa. Hutunga akiwa jikoni, akajirekodi kwa simu na kuzituma kwa sauti. Hajawahi kuandika ubeti hata mmoja.

Hajapimwa na huenda asipimwe, kwa hiyo hatutasema kwamba anayo. Wako watu wengi wasiojua kusoma kwa sababu tu hawakupata shule. Siti binti Saad hakujua kusoma na aliuteka mji wa Unguja kwa sauti yake, na hakuna anayeweza kusema leo ni kwa nini. Tunasema tu kwamba swali lile la mama limebadilisha mambo nyumbani kwao. Siku chache baadaye alimwambia bintiye, "Miaka yote nilijiona mjinga miye." Mwenzetu anasema hakuwahi kumsikia mama yake akilitamka neno hilo, na kwamba walikaa jikoni mpaka chai ikapoa.

Siku hizi kuna mtindo wa kusema kwamba disleksia ni kipaji, tena mabango huwataja matajiri na waigizaji. Zephaniah naye aliwaambia vijana kwamba asiyeweza kupita njia moja hutafuta nyingine, na huko kutafuta ndiko ubunifu. Hapo tunakubaliana naye. Lakini yeye huyohuyo hakuchoka kukumbusha kwamba magereza yamejaa watu wenye disleksia ambao hawakumpata mwalimu kama wake. Mtu anayeshindwa kusoma barua ya kodi ya nyumba hahitaji pia kudaiwa awe msanii. Yeye mwenyewe alikuwa mshairi kabla ya kuambiwa. Jina lilimwondolea aibu, na kazi ikaendelea hadi akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Brunel. Alifariki Desemba 2023.

Tangu Januari mwenzetu anaziandika nyimbo za mama yake. Anasikiliza sauti kwenye simu, anasimamisha, anaandika mshororo, anarudia. Huenda polepole kwa sababu zinazoeleweka, na watatu kati yetu humsaidia Alhamisi jioni. Zimekwisha sita. Ugomvi mkubwa hadi sasa ni jinsi ya kuandika neno moja, maana mmoja wetu babu zake ni wa Lamu na hakubali. Mama ameombwa aje kwenye hafla yetu ya Mei. Amekubali, kwa sharti kwamba asipewe karatasi yoyote mkononi.