Ujasiri wa Kada Mbele ya Umma

Makada wengi huuliza: tufanyeje ili tusimame mbele ya wananchi bila woga? Swali hili ni la kisiasa kabla halijawa la sauti na mikono. Woga wa msemaji una chanzo chake, na ukali hauwezi kuuondoa.

Tuitazame historia. Tangu 1954 mpaka 1958 serikali ya kikoloni iliizuia TANU kufanya kazi Usukumani. Hata hivyo, mwaka 1958 maelfu ya wakulima wa Geita walikwenda Mwanza kupinga baraza la wilaya la mseto wa rangi, walilotwishwa bila ridhaa yao. Wengi hawakuwa na cheo wala elimu ya darasani. Waliwakabili wakubwa wa kikoloni kwa sababu walilijua jambo lao, na walijua kuwa hawako peke yao. Hilo ndilo chimbuko la ujasiri: ukweli wa hoja na umoja wa umma.

Msemaji asiyeijua hoja hujificha nyuma ya meza, cheo na vitisho. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi majivuno, makuu, dharau na uonevu. Kumnyamazisha muulizaji ni woga uliovaa cheo.

Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi. Asiyewavuta huachiwa uwanja. Mkutano wa hadhara nao hupimwa hivyo, ila wananchi, kwa heshima, hubaki wamekaa huku mioyo imekwisha kuondoka.

Basi kada afanye nini? Kwanza, achunguze. Anayekwenda kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita ajue mgawo kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wanaoshuka shimoni, na madhara ya zebaki kwa wanaoishika kwa mikono. Anayekwenda kwa wakulima wa pamba Shinyanga ajue habari za bei na mizani. Pili, asimame wima, asubiri utulivu, aanze polepole, awatazame walio nyuma kabisa. Tatu, asome karatasi kidogo, asikilize sana. Nne, akiulizwa asilolijua aseme hajui, ataje siku ya kuleta jibu, na siku hiyo arudi.

Hapo ndipo penye mtihani. Kada aliyerudi na jibu, hata likiwa chungu, hahitaji kupaza sauti katika mkutano wa pili.