Motokaa ya Umeme: Je, Yafaa Kununuliwa Shinyanga na Geita?



Baada ya somo la fizikia juu ya betri, swali lililoulizwa sana mabwenini muhula uliopita halikuwa la mtihani. Lilikuwa hili: je, mtu wa huku kwetu aweza kununua motokaa ya umeme, nayo ikamfaa? Mhariri amenipa kurasa hizi nijibu. Nami ninayo sababu ya nyumbani ya kulitafutia swali hili jibu la kweli. Mjomba wangu, ambaye ana duka Katoro, ameuza ng'ombe kumi na mmoja, na fedha zake zimekaa benki zikingoja motokaa. Muuzaji mmoja amemwonyesha picha ya Nissan Leaf ya mwaka 2013, mtumba wa Japani, kwa bei iliyomfurahisha sana. Mjomba akanipigia simu likizoni akasema, "Mjomba, wewe ndiwe msomi wetu. Nieleze, hiki ni kitu au ni kiini macho?"

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi chombo chenyewe kinavyokwenda. Motokaa ya petroli huchoma mafuta ndani ya injini, na sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hayo hupotea kuwa joto. Ndiyo maana huwezi kuweka mkono juu ya injini iliyotoka safarini. Motokaa ya umeme haina injini ya namna hiyo. Ina mota, nayo ni ndugu ya ile iliyo ndani ya feni, ila kubwa zaidi, na betri iliyolazwa chini ya sakafu. Haina plagi za kuchomea, haina oili ya injini ya kumwaga kila baada ya miezi michache, wala haina giaboksi ya kubadili gia. Tena dereva akiondoa mguu kwenye kikanyagio, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kidogo betrini, na kwa sababu hiyo breki zake hazilikwi upesi.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja si kitu kigeni: ndiyo uniti moja ile ile tununuayo kwa Luku. Basi motokaa yenye betri ya 24 ni sawa na tangi liingialo uniti 24, na hapo hesabu inakuwa rahisi. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, ikiwa na betri ya 24. Baadaye zikaja za 30, za 40, na za 62. Nataja hiyo kuliko nyingine kwa sababu imekuwako siku nyingi na mitumba yake ni mingi huko Japani; nao Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, hata usukani haugombi na barabara zetu.

Sasa tufanye hesabu. Motokaa hii hula kama uniti 18 kwa kilomita 100, nimekwisha kuhesabu na umeme upoteao wakati wa kuchaji. Kwa bei iliyowekwa na EWURA mwaka 2016, uniti moja ya mteja wa kawaida ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, na pamoja nazo ni kama shilingi 356. Basi kilomita 100 zagharimu kama shilingi 6,400. Motokaa ndogo ya petroli, inayokunywa lita 7 kwa kilomita 100, na tuseme lita ni shilingi 3,000, itakula shilingi 21,000. Mjomba hutembea kama kilomita 80 kwa siku, siku 25 za mwezi, yaani kilomita 2,000. Petroli ingemtoa shilingi 420,000, na umeme shilingi 128,000 hivi. Tofauti yake kwa mwezi ni kama shilingi 290,000, na kwa miaka mitatu yapita milioni kumi. Nilipomsomea hesabu hiyo kwenye simu alinyamaza kitambo, nikadhani mtandao umekatika.

Lakini kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji. Nyumba itumiayo umeme kidogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, huwekwa katika kundi la bei nafuu, yaani shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ukianza kuchaji motokaa katika mita hiyo hiyo utatolewa katika kundi hilo, na taa na friji yako navyo vitalipa bei kubwa. Nyumba ya uniti 60, iliyokuwa ikilipa kama shilingi 7,300, italipa zaidi ya shilingi 21,000 kwa uniti zile zile. Si kitu kikubwa mbele ya faida tuliyoiona, lakini mwenye nyumba na aambiwe mapema, asije akadhani ameibiwa.

Watu wengine husema, "Umeme wenyewe uko wapi?" Swali hilo lilikuwa na nguvu wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023. Tangu hapo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limeanza kazi. Lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa mwaka 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Nao mkoa wetu una bahati, kwa maana njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 yenye urefu wa kilomita 670, itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida, hufika hapa hapa Shinyanga. Kukatika kwa umeme mitaani, kwa nguzo kuanguka au transfoma kuharibika, ni jambo jingine, na atakayechaji usiku lazima afikiri usiku ambao umeme hautakuwapo.

Jambo ambalo naliona kuwa gumu kuliko yote ni umri wa betri. Betri ya motokaa huzeeka kama ile ya simu: hujaa upesi na kuisha upesi. Tena yapasa mnunuzi asiamini tarakimu za kwenye tangazo. Leaf ya kwanza, kwa kipimo cha Kijapani, ilisemwa kuwa yaenda kilomita 200 kwa chaji moja. Waamerika walipoipima kwa njia yao wakapata maili 73, yaani kilomita 117. Motokaa ni ile ile, ila vipimo ni viwili, na kwa barabara zetu mimi ningeshika kile cha Waamerika.

Kwenye dashibodi ya Leaf, upande wa kulia, kuna vijistari kumi na viwili vionyeshavyo uzima wa betri. Kijistari cha kwanza hupotea betri inapobaki na kama asilimia 85 ya uwezo wake wa awali, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Motokaa aliyoonyeshwa Mjomba ilikuwa na vijistari tisa, maana yake imebaki na kama asilimia 72. Basi kilomita 117 zimekuwa kama 85, na hiyo ni kwa dereva mpole, bila mzigo mzito na bila kuwasha kipoza hewa. Safari ya Katoro, Geita mjini na kurudi ingeimaliza karibu yote. Na kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, kama kilomita 160, ingebidi alale njiani. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea watu wa Geita adha ya kungoja kivuko, lakini motokaa yenye betri iliyochoka haitafaidi sana, kwa kuwa Mwanza kwenyewe haitafika kwa chaji moja.

Vijistari navyo vyaweza kudanganya. Wako wauzaji ambao huifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, na vijistari vyote kumi na viwili vikarudi kwa muda, kama mzee aliyepaka nywele rangi. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kikisoma pamoja na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Hicho huonyesha uzima wa betri kwa asilimia, na hali ya kila seli. Nacho kwa muda mfupi baada ya kufutwa chaweza kudanganywa, kwa hiyo ni vizuri pia kuijaza na kuiendesha mpaka karibu iishe, ukahesabu kilomita. Anayenunua kutoka Japani hawezi kufanya hivyo. Basi na adai picha ya kipimo, tena yenye tarehe.

Joto nalo ni adui. Betri ya Leaf za namna hizi haipozwi kwa maji kama zinavyopozwa za motokaa nyingi nyingine za umeme. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zimepungua kabla ya wakati, na kampuni ikalazimika kuongeza dhamana. Shinyanga si Arizona. Usiku kwetu hupoa. Lakini motokaa isiachwe juani mchana kutwa ikiwa imejaa chaji. Huko Kanada taabu yao ni kinyume cha yetu, maana baridi ya theluji huipunguzia betri mwendo mpaka majira yageuke. Hata hivyo Wakanada walisaidiwa: tangu 2019 serikali yao kuu ilimpa mnunuzi wa motokaa mpya ya umeme hadi dola 5,000, mpaka fungu likaisha Januari 2025. Jirani zetu nao wamechukua hatua. Uhabeshi, mwaka 2024, ilipiga marufuku kuingiza motokaa za petroli na dizeli. Rwanda, ambako malori yapitayo Kahama huelekea, imezipunguzia kodi motokaa za umeme.

Sisi tuna kodi zetu, na zaweza kubadilishwa kila bajeti ya Juni isomwapo. Kwa hiyo sitaji kiasi. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo cha magari ya mtumba kwenye intaneti, na mtu yeyote aweza kuandika aina na mwaka wa motokaa akaona atakacholipa. Jueni tu kwamba motokaa iliyozidi miaka minane huongezewa ushuru kwa ajili ya uchakavu, na mara nyingi bei ndogo ya Japani humezwa na ushuru wa Dar es Salaam. Na afanye hesabu hiyo kabla ya kutuma fedha, si baada ya meli kutia nanga.

Habari ya kuchaji nyumbani. Waya unaokuja na Leaf ya Kijapani ni wa volti 200, na kichwa chake hakiingii katika soketi zetu za matundu matatu. Umeme wetu wa volti 230 motokaa yaupokea bila taabu, lakini kichwa hakina budi kubadilishwa na fundi mwenye leseni. Soketi iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, na waya wa ethi uwe wa kweli. Kuchaji kwa waya mrefu wa kuunga, ule tunaopigia pasi, ni kutafuta moto. Betri ya 24 tupu hujaa kwa saa nane hadi kumi. Vituo vya kuchaji kwa haraka mimi sijaviona kandokando ya barabara kutoka Shinyanga hadi Geita.

Mafundi wetu wa mitaani ni hodari, lakini hapa na wawe na adabu. Nyaya za rangi ya chungwa zina volti zaidi ya 350, na hazimwonyi mtu mara mbili. Tena sakafu ya motokaa hii iko kama sentimita 16 tu kutoka ardhini, na kwenye sakafu ndiko betri iliko. Njia za machimboni, zenye mawe na makorongo ya masika, si mahali pake.

Jambo moja limenifurahisha katika kutafuta habari hizi. Betri nyingi za motokaa hutengenezwa kwa nikeli, na nikeli ipo Kabanga, wilaya ya Ngara. Mpango uliotangazwa ni kuisafisha Kahama, mahali ulipokuwa mgodi wa Buzwagi. Na katika jimbo la Ontario, Kanada, mgodi wa dhahabu wa Borden, ulioanza uzalishaji mwaka 2019, ulijengwa ili mitambo yake ya chini ya ardhi iendeshwe kwa umeme badala ya dizeli. Chini ya ardhi moshi lazima utolewe kwa mafeni makubwa yenye gharama. Wenzetu ambao baba zao hushuka Bulyanhulu wataelewa maana yake upesi kuliko mimi.

Nilimjibu Mjomba hivi: ile ya vijistari tisa aiache, hata ikiwa rahisi. Akipata ya betri ya 40, ambayo Waamerika waliipima kilomita 243 ikiwa mpya, na uzima wake usipungue asilimia 85, itampeleka Mwanza kwa chaji moja, alale, achaji, arudi. Ikiwa bei yake pamoja na ushuru yazidi fedha za ng'ombe, basi anunue ya petroli, asikope. Shangazi, mkewe, alisema angetaka ng'ombe warudi zizini, nalo ni shauri la kuheshimiwa.

Mjomba amemwandikia muuzaji akitaka picha ya kipimo cha betri. Mpaka naandika haya ameletewa picha kumi na nne, za viti, za matairi, hata ya redio. Ya kipimo haijafika, na fedha zingali benki. Fundi amekwisha kuweka waya wa ethi dukani, kwa sababu friji ya soda ilikuwa ikiwarusha wateja.