Kwa Nini Milwaukee Walimwachia Corbin Burnes

Shabiki wa kandanda akisikia timu ya besiboli imemtoa mchezaji wake bora, huuliza kwanza wamelipwa kiasi gani. Jibu humshangaza: kwa kawaida timu hailipwi. Katika ligi kuu ya Marekani nyota hutolewa ili wapatikane wachezaji wengine, mkataba wake unahama naye kama ulivyo, na mara nyingi mwenyewe haulizwi. Mwaka 1976 mmiliki wa timu ya Oakland, Charlie Finley, alijaribu kuuza kwa fedha taslimu. Mrushaji Vida Blue aende New York Yankees kwa dola milioni 1.5, na wenzake wawili, Rollie Fingers na Joe Rudi, waende Boston kwa milioni moja kila mmoja. Kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, akaifuta biashara yote.

Hivyo timu yenye mrushaji nyota anayekaribia kumaliza muda wake ina njia tatu. Imwongezee mkataba mrefu, imbadilishe mapema kwa wachezaji wengine, au ikae naye hadi siku ya mwisho kisha imuage. Milwaukee Brewers walikuwa hapo mwanzoni mwa 2024, na mrushaji wao Corbin Burnes.

Burnes walimlea wenyewe tangu walipomchagua mwaka 2016. Mwaka 2021 alitwaa tuzo ya Cy Young, inayotolewa kwa mrushaji bora wa kila tawi la ligi. Kwa utaratibu wa ligi, mchezaji hutumikia misimu sita kabla ya kuwa huru kujadiliana na timu yoyote. Mitatu ya kwanza hulipwa karibu na kima cha chini. Katika mitatu inayofuata, timu na mchezaji wakishindwa kuelewana, mshahara huamuliwa na baraza la usuluhishi, na huko mchezaji huketi akisikiliza waajiri wake wakieleza kwa nini hastahili anachoomba. Februari 2023 Burnes aliomba dola milioni 10.75, timu ikasema 10.01, na timu ikashinda. Alitoka akiwa na uchungu na hakuuficha mbele ya waandishi wa habari. Tofauti waliyogombania ilikuwa dola 740,000. Kwa bahati mbaya au kejeli tu, msimu wa 2024 kiasi hichohicho ndicho kilichokuwa kima cha chini cha mshahara katika ligi. Mimi nisingempeleka mrushaji wangu bora mbele ya wasuluhishi kwa fedha ya kumlipa mchezaji mmoja wa akiba.

Hata hivyo, uchungu huo sio uliomwondoa. Kilichomwondoa ni bei. Milwaukee ni mojawapo ya miji midogo kabisa kuwa na timu ya ligi kuu, na besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara kinachowalazimisha matajiri wajizuie. Mrushaji wa kiwango cha Burnes akifika sokoni huomba zaidi ya dola milioni 200. Mkataba wa besiboli nao ukishasainiwa hulipwa wote, mchezaji awe uwanjani au awe hospitalini.

Hapo ndipo mrushaji anapotofautiana na wengine. Anayeanza mechi hurusha takriban kila siku ya tano, yaani mechi kama 32 kati ya 162 za msimu, na kila mrusho unaikaza kano ya ndani ya kiwiko karibu na ukomo wake. Ikikatika, daktari huchukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza. Upasuaji huo ulifanywa mara ya kwanza na Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, na hadi leo unaitwa kwa jina la mgonjwa. Kupona huchukua mwaka mmoja au zaidi. Timu hupanga malipo kwa kutazama misimu iliyopita, ilhali inachonunua ni misimu ijayo ya mkono uliokwisha kutumika sana.

Washington wameonja pande zote mbili. Januari 2015 walimsaini Max Scherzer, aliyekuwa na umri wa miaka 30, kwa dola milioni 210 na misimu saba. Akawapa tuzo mbili za Cy Young na ubingwa wa World Series wa 2019. Wiki chache baada ya ubingwa huo walimsaini tena shujaa wa fainali, Stephen Strasburg, kwa milioni 245 na misimu saba. Tangu siku hiyo hadi anastaafu alianza mechi nane tu. Timu ilikuwa ileile na mfuko uleule. Anayedai angeweza kuwatofautisha wawili hao mapema anajisifu.

Timu tajiri hukosea hivyo na mwaka unaofuata hununua mwingine. Kwa Milwaukee, kosa moja la aina hiyo lingetikisa bajeti kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo Februari 1, 2024 walimpeleka Burnes Baltimore. Walipata mlinzi wa ndani Joey Ortiz, mrushaji kijana DL Hall na nafasi ya 34 katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka huo.

Watu wengi waliona malipo ni madogo. Lakini Baltimore walikuwa na vijana wengi wa nafasi ya Ortiz kiasi kwamba kwao alikuwa wa kusubiri benchi, na Milwaukee walimhitaji siku hiyohiyo. Walichokitoa kilikuwa msimu mmoja tu wa Burnes, baada yake angekuwa huru. Waliuza kabla ya msimu kuanza kwa sababu kanuni inasema mchezaji aliyehama katikati ya msimu hawezi kuiletea timu mpya fidia ya nafasi katika uteuzi wa chipukizi akiondoka. Mnunuzi wa Februari hupata mechi zote 162 na fidia pia. Mnunuzi wa Julai hupata miezi miwili mitupu.

Milwaukee wenyewe waliwahi kuwa mnunuzi wa Julai. Mwaka 2008 walimchukua CC Sabathia kutoka Cleveland. Akashinda mechi 11 na kupoteza 2, akawafikisha kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1982, kisha akaenda Yankees kwa dola milioni 161. Cleveland walipewa Matt LaPorta, chipukizi aliyesifiwa kuliko wote katika dili lile, naye hakufika mbali. Aliyewafaa ni Michael Brantley, ambaye jina lake lilitajwa baadaye, kama nyongeza.

Biashara ya Burnes nayo haikuwa safi. Msimu wa 2024 Milwaukee walishinda mechi 93 na kuongoza kundi lao bila yeye, lakini wakatolewa mapema na New York Mets, na katika mtoano mfupi mrushaji mmoja mkubwa anaweza kubeba timu. Burnes alianza mechi ya kwanza ya mtoano ya Baltimore, akakaa uwanjani vipindi vinane, akaruhusu pointi moja tu, na timu yake ikafungwa 1-0. Hall ameandamwa na majeraha. Ortiz ni hodari wa kudaka, ila gongo lake lilipoa mwaka 2025. Katika mwaka huohuo Milwaukee walishinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi.

Ninachokipenda zaidi katika hesabu yao ni Brandon Woodruff, mrushaji wao mwingine mkubwa. Alifanyiwa upasuaji wa bega mwishoni mwa 2023, wakamwacha, kisha wakamrudisha kwa dola milioni 17.5 za misimu miwili, wakijua wa kwanza hatacheza. Alirudi uwanjani Julai 2025 na akarusha vizuri. Mzima walimtoa bei yake ilipokuwa juu, mgonjwa wakamshika ilipokuwa chini. Mwenye mfuko mdogo akifuata kanuni ya “tuuze tu” atabaki bila warushaji. Milwaukee waliuliza bei ya kila mkono peke yake.

Desemba 2024 Burnes alisaini na Arizona kwa dola milioni 210 na misimu sita. Juni 2025 kiwiko kilimshinda, akafanyiwa upasuaji uleule wa Tommy John. Mkataba unampa yeye, si timu, haki ya kuuvunja baada ya msimu wa 2026. Akipona vizuri anaweza kwenda kuuza mkono wake upya. Asipopona, Arizona wataendelea kumlipa hadi 2030.