Nani Aliyekuchagulia?

Ndugu msomaji, mtu anunuapo simu au kompyuta hudhani kuwa amechagua mwenyewe. Kwa hakika amechagua chombo tu. Programu zilizomo ndani zilikwisha kuchaguliwa kabla hajatia mguu dukani. Wala jambo hili si la bahati. Limelipiwa fedha nyingi.

Ushahidi uliotolewa mahakamani Marekani ulionyesha kuwa mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20, ili mwenye simu ya Apple atafutapo khabari katika intaneti, apelekwe kwa Google kwanza. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington akahukumu kuwa kwa mikataba kama hiyo Google imevunja sheria ya kuzuia uhodhi wa soko. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Kamisheni ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, kwa kuwashurutisha watengenezaji wa simu za Android: atakaye duka lake la programu sharti apakie pia kivinjari chake, Chrome.

Kwa nini zitolewe fedha zote hizo, hali mnunuzi aweza kubadili mambo hayo kwa dakika chache? Ni kwa sababu wafanya biashara wajua kuwa watu wengi hawabadili. Wakikutacho ndicho wakitumiacho.

Mtume wetu (s.a.w.) aliwakataza watu kwenda kuupokea msafara wa bidhaa njiani kabla haujafika sokoni, kwani mgeni hajui bei ya soko, na aliyeuziana nao njiani akapewa khiyari afikapo sokoni. Hatusemi kuwa hukumu ya mambo haya mawili ni moja. Hilo ni la wanazuoni. Lakini twajifunza kuwa mtu asitanguliwe njiani na mwenye kufaidika na kutojua kwake.

Basi nasi tuitumie khiyari yetu. Muulize mwenye duka ni programu zipi zilizomo. Ufikapo nyumbani fungua mipangilio: usizozihitaji zifute, zisizofutika zizime, na uchague mwenyewe kivinjari ukitakacho. Fanya hivyo kabla hujamkabidhi mwanao simu, kwani mtoto hufungua kilicho mbele yake. Amana ya watoto ni yetu, si ya wafanya biashara.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzindukana. Amin.