Rekodi za Serikali Iliyoundwa Isiende Mbio

Marekebisho ya 27 ya Katiba ya Marekani ndiyo yaliyosubiri muda mrefu kuliko yote. Kongresi iliyapeleka kwenye majimbo Septemba 1789. Yakaidhinishwa Mei 1992, baada ya miaka 202 na ushei. Yanachosema ni kidogo: wabunge wakibadilisha mishahara yao, mabadiliko yasianze mpaka uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi upite kwanza. James Madison aliyapendekeza pamoja na mengine, ambayo kumi kati yake yalikuja kuwa Hati ya Haki mwaka 1791. Pendekezo hili likakwama. Lakini kwa kuwa halikuwekewa muda wa mwisho, halikufa.

Aliyelifufua ni Gregory Watson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Mwaka 1982 aliandika insha akidai kwamba marekebisho hayo bado yako hai na majimbo yanaweza kuyaidhinisha. Akapewa alama ya C. Akaanza kuwaandikia barua wabunge wa majimbo. Maine likaitika 1983, Colorado 1984, mengine yakafuata, mpaka robo tatu ya majimbo 50, yaani 38, ikatimia. Mwaka 2017 alama yake ilibadilishwa ikawa A. Kwangu hii ndiyo rekodi tukufu kuliko zote zilizomo humu: raia asiye na cheo aliisoma Katiba kwa makini kuliko waliolipwa kuisoma, akaibadilisha kwa stempu za posta.

Kwa kasi, bingwa ni Marekebisho ya 26, yaliyoshusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18. Vijana walikuwa wakipelekwa kufa Vietnam kabla ya kuruhusiwa kuchagua viongozi, na hoja hiyo haikuwa na majibu. Kuanzia Machi 1971 Kongresi ilipoyapitisha, majimbo yalichukua takriban siku 100 tu. Hiyo ni ajabu katika nchi ambako mapendekezo zaidi ya 11,000 yamewahi kufikishwa Kongresi na yaliyofaulu ni 27. Moja tu limefutwa: lile lililopiga marufuku pombe, lililoondolewa 1933.

Katika Seneti ndipo penye rekodi inayonisumbua. Kila jimbo lina maseneta wawili, mapatano yaliyofikiwa Philadelphia mwaka 1787 ili majimbo madogo yakubali kuungana. Kwa sensa ya 2020, Wyoming ilikuwa na watu wasiofika laki sita, California zaidi ya milioni 39. Kura mbili kwa mbili. Mkazi mmoja wa Wyoming ana uzito wa wakazi 68 wa California, na Katiba yenyewe inakataza jimbo kunyang'anywa usawa huo bila ridhaa yake. Ninaelewa sababu ya mapatano yale, ila siwezi kuyaita haki.

Humo humo Senetini, seneta akipewa nafasi ya kuzungumza anaweza kuishikilia kadiri miguu itakavyomstahimili, mradi asikae wala kutoka ukumbini. Agosti 1957, Strom Thurmond wa South Carolina alizungumza saa 24 na dakika 18 kupinga sheria ya haki za raia iliyolenga kulinda kura za Wamarekani weusi. Sheria ilipita, rekodi ikabaki kwa jina lake miaka 67. Aliyeivunja, Aprili 1, 2025, ni Cory Booker wa New Jersey, seneta mweusi, kwa saa 25 na dakika 5 za kuipinga serikali ya Donald Trump. Hakuzuia muswada wowote. Lakini kuona rekodi ile ikitoka mikononi mwa mtetezi wa ubaguzi kulitosha kuwafanya wengi wakeshe wakimtazama.

Kwa upande wa marais, William Henry Harrison alitoa hotuba ndefu kuliko zote za kuapishwa, maneno zaidi ya 8,400, kisha akafariki baada ya siku 31 madarakani, mwaka 1841. Franklin D. Roosevelt alichaguliwa mara nne na kupiga kura ya turufu mara 635. Baada yake Katiba ilibadilishwa, rais asichaguliwe zaidi ya mara mbili.

Mhimili wa tatu hauna kikomo kama hicho, kwani majaji wa Mahakama ya Juu hukaa maisha yao yote wakitaka. John Marshall aliiongoza miaka 34, na katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison, 1803, akaipa uwezo wa kubatilisha sheria zinazokiuka Katiba, uwezo ambao Katiba haikuutaja waziwazi. William O. Douglas ndiye aliyekaa muda mrefu kuliko wote, miaka 36, tangu Roosevelt alipomteua 1939. Mwaka 1970 mbunge Gerald Ford aliongoza jitihada za kumwondoa, zikashindikana. Douglas alipostaafu 1975 kwa maradhi, rais aliyepata nafasi ya kumteua mrithi wake alikuwa Ford huyo huyo. Akamchagua John Paul Stevens, naye akakaa mpaka 2010.